Mbili Mara Tatu, Nne

Fomu ilitaka mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini. Mke wa fundi mmoja wa mbao alikuwa amebakiza siku hamsini na tatu. Kwa hiyo mtihani wa mwaka huu, wa kupanda kutoka mshika fimbo hadi mpimaji msaidizi, ulikuwa wake wa kwanza na wa mwisho, na kila mtu katika ofisi ya upimaji ardhi alilijua hilo, hata wale waliojifanya hawajui.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kusimama juani akiwa ameshika fimbo ndefu ya kupimia, yenye mistari myekundu na myeupe, huku mtu mwingine aliye mbali akichungulia kwenye darubini na kuandika. Fimbo ikiinama kidogo, anapigiwa kelele. Ikisimama wima, hakuna anayesema kitu. Ofisini walimwita Mama Fimbo, naye aliitika.

Masharti ya mtihani yalibandikwa ukutani karibu na mlango. Mwaka uliopita watu wawili walikamatwa na simu zenye majibu, kwa hiyo safari hii hakikuruhusiwa chombo chochote chenye betri, wala kitabu cha aina yoyote. Vilivyoruhusiwa vilitajwa kimoja kimoja: penseli, rula, bikari, na rula ya kukokotolea. Hicho cha mwisho kilikuwa kimesalia kutoka kwenye masharti ya zamani. Hakuna aliyekumbuka kukifuta. Wenzake walisoma karatasi ile wakalalamika juu ya simu. Yeye alisoma hadi mwisho, akaenda kugonga mlango wa mpimaji mkuu.

"Samahani mzee. Rula ya kukokotolea ndiyo ipi?"

Mpimaji mkuu alifurahi kuulizwa. Alifungua kabati kwa ufunguo, akatoa kifuko cha ngozi, na ndani yake rula nene ya rangi ya maziwa iliyokuwa na mfereji katikati. Ndani ya mfereji kulikuwa na rula nyingine nyembamba iliyoteleza.

"Hii nyembamba tunaiita ulimi," alisema. "Unausogeza hivi, inakuzidishia. Unausogeza hivi, inakugawia. Haitaki betri, haitaki umeme. Nilipewa nikiwa chuoni."

"Naomba uniazime siku ya mtihani, mzee. Saa moja na nusu tu."

"Mama Fimbo," alisema mpimaji mkuu, na sasa alikuwa akiongea kwa ajili ya makarani wawili waliokuwa wamesimama mlangoni, "hiki si chungu cha jirani, kwamba unaazima, unapika, unarudisha."

Makarani walicheka. Yeye alisubiri wamalize.

"Basi niruhusu niitazame."

Alipewa dakika kumi, akiwa amesimama. Aliona kwamba namba zilianzia moja kushoto hadi kumi kulia, na kwamba hazikuachana sawa. Moja na mbili zilikuwa mbali sana. Tisa na kumi zilikuwa karibu kugusana. Alichukua rula yake ya kawaida, akapima kutoka moja hadi mbili, kutoka moja hadi tatu, akaandika kiganjani. Jioni alifungua kitabu cha ofisi cha majedwali ya hesabu na kukuta namba alizoandika, kila moja ikigawanywa kwa urefu wa rula nzima, zimo humo, zimepangwa safu kwa safu. Alielewa. Kila namba ilikuwa imepewa urefu wake, na urefu huo ulichaguliwa kwa namna ambayo ukiunganisha urefu wa mbili na urefu wa tatu, unafika penye sita. Rula ile ilijumlisha urefu, na jibu likatoka limezidishwa.

Mtihani ulikuwa na maswali thelathini kwa dakika tisini. Alikuwa amejipima kwa saa ya ukutani: kwa mkono, swali moja la eneo la kiwanja lilimchukua dakika tano. Ufaulu ulikuwa maswali ishirini. Hesabu hiyo haikuhitaji chombo.

Mume wake alikuwa seremala. Wateja walimwita Nukta, kwa sababu ya neno alilopenda kuwaambia: "Kwangu mimi haizidi hata nukta." Mlango wake ulifungwa kwa kidole. Alishawahi kuvunja kabati lake mwenyewe, limekwisha na limepakwa rangi, kwa kuwa rafu moja ilikuwa imeshuka upana wa kucha.

Mke wake alipomwomba amchongee rula kama ile, kipande cha mbao alikitoa kwenye fremu ya dirisha lililong'olewa katika nyumba ya zamani. Mbao hiyo ilikuwa imekauka miaka mingi na isingejikunja. Alichonga mwili, akapiga mfereji, akachonga ulimi ukaingia na kutoka bila kucheza. Kuchora vipimo ilikuwa kazi ya mke wake. Kwa wiki tatu, kila akitoka kazini, alikaa kwenye meza ya kulia chakula na kitabu cha majedwali, rula ya chuma na sindano ya kushonea, akitoboa alama moja baada ya nyingine. Watoto walikula wakiwa wamekaa chini.

Siku moja Nukta alisimama nyuma ya kiti chake.

"Hivi hii inafanyaje kazi?"

"Ni mambo ya hesabu, baba watoto. Nikianza kukueleza hapa hatutalala."

Alisema kwa mzaha, macho yakiwa kwenye sindano. Nukta naye alicheka. Alikuwa ameacha shule darasa la nne. Hakuuliza tena.

*

Siku moja kabla ya mtihani mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ulimi ukavimba kwa unyevu. Saa sita mchana mke wake alimpelekea rula karakana, akiwa na haraka ya kurudi kazini.

"Unakwama katikati. Nilainishie."

"Niachie hapo. Jioni nitakuletea nyumbani ikiwa tayari."

Nukta alipiga msasa pembeni mwa ulimi mara tatu, akapaka nta ya mshumaa, akausukuma. Ulipita. Kazi yenyewe ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliiweka rula ile kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kama fundi.

Alichokiona kilimtia aibu kwa niaba ya mke wake. Kati ya moja na mbili palienea vidole vinne. Kati ya mbili na tatu, viwili na nusu. Kadiri namba zilivyokwenda kulia ndivyo zilivyobanana, hata kati ya tisa na kumi hapakuenea kidole kimoja. Alilijua kosa hilo. Kila mwanafunzi wa useremala hulifanya mwaka wa kwanza: anaanza kugawa ubao kwa ukarimu, mkono umelegea, na anapofika katikati anagundua ubao unamwishia, basi anabananisha zilizobaki ili zitoshe. Waandika vibao vya maduka nao wanalo. Neno la kwanza kubwa, la mwisho limekunjwa kwenye pembe.

"Maskini," alisema peke yake. "Ameishiwa ubao, akaona haya kusema."

Alifikiria kumtumia mtu ofisini. Lakini amwambie nini? Kesho saa mbili asubuhi ndiyo mtihani. Na alifikiria pia, ingawa si kwa maneno, kwamba hapa hatimaye palikuwa na kitu katika mambo ya hesabu alichokiweza kuliko mke wake.

Alikamata randa. Mipigo sita juu ya mwili, minne juu ya ulimi, na mistari yote ikatoka pamoja na ngozi nyembamba ya mbao, ikajikunja na kuanguka sakafuni pamoja na maranda mengine. Alichukua bikari, akaitembeza kutoka mahali palipokuwa na moja hadi palipokuwa na kumi, akaibana, akaitembeza tena, hadi hatua tisa zilipofika mwisho bila kuzidi wala kupungua. Kila hatua akaigawa mara kumi. Alikata mistari kwa kisu kikali, akaijaza masizi yaliyochanganywa na mafuta, akapangusa, akaandika namba upya. Wateja wawili walikuja kuulizia viti vyao, akawaambia warudi keshokutwa. Alipomaliza, jua lilikuwa linazama na shingo yake ilikuwa imekakamaa. Alipima kila nafasi upya. Hakuna iliyozidi hata nukta.

Aliizungushia kitambaa safi, akafunga kwa uzi, akapiga fundo.

"Usiifungue mpaka ukae kwenye kiti chako," alimwambia mke wake nyumbani. "Nimeifanyia kazi."

Mke wake aliusukuma ulimi kupitia kitambaa kwa kidole gumba. Uliteleza kama umepakwa sabuni.

"Mikono yako Mungu aibariki," alisema, na aliposema hivyo alimaanisha.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa ukumbi wa ofisi, meza kumi na mbili, saa ya duara ukutani. Msimamizi alipita akikagua vyombo. Alikata uzi kwa wembe, akaigeuza rula mkononi, akaisoma tena karatasi ya masharti.

"Umenunua wapi hii?"

"Tumetengeneza nyumbani."

"Nzuri," alisema msimamizi, akaiweka mezani. "Imenyooka kweli kweli."

Kengele ilipigwa. Mama Fimbo alikuwa na tabia, kila anapoanza kazi na rula yake, ya kuiuliza kwanza swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Bila kuiangalia vizuri, aliiweka moja ya ulimi chini ya mbili ya mwili, akatafuta tatu ya ulimi, akasoma namba iliyokuwa juu yake.

Nne.

Alifikiri amekosea kuweka. Aliweka tena. Mbili mara tatu, nne. Akajaribu mbili mara mbili, ikatoa tatu. Tatu mara tatu ikatoa tano. Ndipo alipoitazama rula nzima, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na akaona mistari imepangwa kama meno ya kitana kipya, mmoja baada ya mwingine, sawasawa, mizuri ajabu. Haikuwa na mkwaruzo wa sindano hata mmoja. Aliitambua mbao, aliutambua mfereji, akamtambua mume wake katika kila mstari. Mtu wa meza ya jirani alimwona akiipapasa rula kwa vidole vyote, akadhani amepatwa na ugonjwa.

Dakika nne zilipita hivyo.

Kisha aliutoa ulimi na kuugeuza. Upande wa chini ulikuwa mbao tupu. Mwili nao ulikuwa na upande wa nyuma, na ulimi ungeweza kutelezeshwa kwenye ukingo wake. Baada ya wiki tatu na sindano, vile vipimo alivyovikokotoa kwa majedwali alikuwa navyo kichwani: mbili inakaa milimita sabini na tano na nukta tatu, tatu mia na kumi na tisa na nukta tatu, nne mia na hamsini na nusu. Alichukua rula ya kawaida na penseli iliyochongwa, akaanza upya. Alikuwa amefika kwenye saba wakati kivuli kilipoangukia meza yake.

"Mama, unaandika nini hapo?"

"Natia vipimo."

"Kwenye chombo?"

"Chombo kimeharibika. Nakirekebisha."

"Kimeharibika vipi, na mimi nimekikagua sasa hivi? Kizima, kina namba zake."

"Namba zake si zenyewe."

Msimamizi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kusikia visingizio vya kila aina. "Kuandika kwenye chombo ni sawa na kuingia na karatasi. Ningeweza kukutoa nje. Nakuachia kwa sababu ya umri wako." Akachukua mwili, akachukua ulimi, akaenda kuviweka kwenye meza yake ya mbele, ambako watahiniwa wote waliviona.

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika ishirini zimekwisha. Mama Fimbo alivuta karatasi, akaanza kuzidisha kwa mkono. Zilibaki dakika sabini, na dakika tano kwa swali. Alijibu maswali kumi na manne, na hakukosa hata moja. Tangu anaandika la tano alishajua kwamba yangekuwa kumi na manne.

*

Nukta alikuwa amefunga karakana mapema. Alinunua soda mbili, akaziweka kwenye beseni la maji. Alipomwona mke wake mlangoni alisimama.

"Enhe! Hebu tueleze, bibi mpimaji."

Mke wake alivua viatu, akakaa, akaweka rula, aliyorudishiwa mtihani ulipokwisha, juu ya meza.

"Mbili mara tatu ngapi?"

"Ee! Umetoka kwenye mtihani, sasa unanipa mimi?"

"Ngapi, baba watoto?"

"Sita."

"Basi iulize hiyo. Moja ya ulimi iweke chini ya mbili ya juu. Haya. Sasa tafuta tatu kwenye ulimi. Juu yake pana ngapi?"

Nukta aliinama. "Nne," alisema, akacheka. "Nimeiweka vibaya." Alirudia, safari hii akiwa amebana pumzi kama anayepanga bawaba. "Nne." Hakucheka tena. Alitoa rula ya chuma mfukoni, akapima nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote tisa, huku kidole chake cha shahada kikitembea juu ya mistari. Alipofika mwisho aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu anayedai haki yake.

"Vipimo viko sawa. Hakuna kilichozidi hata nukta."

"Viko sawa," alisema mke wake. "Ndiyo maana."

Ilimchukua muda. Mke wake hakumsaidia. Alimwacha atazame ile mistari na aanze kukumbuka vidole vinne, vidole viwili na nusu, na ule mbanano wa mwisho, hadi alipoketi taratibu, akitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

"Ilitakiwa iwe vile?"

"Vile vile."

"Mimi nilidhani umeishiwa ubao."

"Nimeishiwa ubao?" Alilirudia neno kana kwamba ni la lugha nyingine. "Wiki tatu, kila mstari na kitabu, mimi niishiwe ubao?"

"Hukuniambia. Nilikuuliza, hukuniambia."

Alikuwa amefungua mdomo kujibu. Ndipo alipoisikia tena sauti yake mwenyewe, ya mzaha, juu ya sindano: hapa hatutalala. Soda zilibaki kwenye beseni hadi maji yakapata joto.

"Mistari yangu iko wapi?" aliuliza mke wake baadaye.

"Nilipiga randa."

Nukta alitoka bila kuvaa shati la juu. Karakana ilikuwa imefagiwa. Maranda yote huchukuliwa kila asubuhi na mwanamke muuza chai wa ng'ambo ya barabara, kwa ajili ya kuwashia moto.

"Dada, yale ya leo yamebaki?"

"Maranda? Si nimeshapikia. Watu wangekunywaje chai?" Alimwangalia fundi aliyesimama na fulana peke yake. "Fundi, kuna nini? Umepoteza pete?"

"Yalikuwa na namba."

"Namba za nini?"

Nukta aligeuka. Alirudi karakana, akapiga magoti, akapapasa chini ya meza ya kazi kwa mkono hadi begani. Alipata ukunjo mmoja tu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ulikuwa na matobo matatu ya sindano na nusu ya namba iliyoandikwa kwa wino. Huenda ilikuwa tatu, huenda ilikuwa nane.

*

Barua ilikuja baada ya mwezi, mistari miwili na muhuri. Mpimaji mkuu alimwita ofisini kumpa pole. Rula ya mbao alikuwa ameiona mikononi mwa msimamizi, na habari nzima alikuwa amesimuliwa.

"Sasa Mama Fimbo, shida yote hiyo ya nini? Ungeniambia mapema ningekuazima yangu."

Alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau.

"Asante mzee," alisema, akaenda kuchukua fimbo.

Nafasi ile alipewa kijana kutoka ofisi nyingine. Siku miaka yake arobaini ilipotimia, Mama Fimbo alikuwa amesimama kwenye mtaro, fimbo wima, akisikiliza kijana huyo akibishana na hesabu ya mteremko, kwa kuwa simu ilikuwa imezima. Alikosea mara mbili kwa sauti kubwa. Mara ya tatu Mama Fimbo alimtajia jibu kutoka mtaroni. Kijana aliandika, akasema, "Asante mama," na wakasogea kwenye kituo kingine.

Jumamosi hiyo alikwenda karakana. Nukta alikuwa hajachonga ulimi wowote tangu siku ile; milango alichonga, viti alichonga. Rula ilikuwa imelala juu ya rafu ikiwa imefunikwa kitambaa. Mke wake aliishusha, akaiweka mbele yake.

"Ipige randa."

"Mtihani si umepita?"

"Umepita. Lakini kazini kuna mtu hajui kuzidisha, na mimi nikiwa nimeshika fimbo mkono mmoja unabaki bure."

Nukta alipiga randa. Mistari yake mizuri ilitoka yote na kujikunja. Mke wake alifungua daftari, akavuta kigoda, na, bila kuulizwa, akamweleza: urefu wa mbili, urefu wa tatu, ukiunganisha, sita. Alimweleza mara mbili. Nukta aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali bei asiyoipenda.

"Sabini na tano na nukta tatu," alisoma mke wake.

Kisu kikakata.

"Mia na kumi na tisa na nukta tatu."

Kikakata. Mkono wa Nukta ulikuwa umezoea hatua ya kwanza. Ulitaka ya pili ifanane nayo, na ya tatu, na alilazimika kuuzuia kila mara. Kufika nane jasho lilimdondokea kwenye mbao. Alipoweka ncha ya kisu kwa ajili ya tisa, ilikuwa karibu mno na alama iliyotangulia, karibu kiasi ambacho angemfukuza mwanafunzi kwa ajili yake.

"Hapa?" aliuliza. "Mama watoto, una hakika? Hapa?"

"Hapo."

Alikata.